Mwaka Mastiha Ilipoingia Ukungu

Chios, Novemba 18, 2003

Mwanangu Kalliroi,

Nakuandikia nikiwa na afya, na naomba barua hii iwakute nanyi salama huko Thessaloniki, wewe na Thanasis na Marietta wangu mwenye mapengo. Sisi huku tunasukuma siku. Baba yako magoti yanamtesa lakini mdomo wake haujaugua: juzi aligombana na padri juu ya kengele, jana akagombana nami, dada yake, juu ya padri. Zeituni zimekuwa chache, mvua ilichelewa. Jirani yetu Loula amepata mjukuu mwingine, wamembatiza Jumapili, na Loula aliimba kanisani mpaka mtoto akaomba kurudishwa tumboni.

Kabla sijasahau, nunua kalamu nyingine. Wino wako umepauka. Barua yako ya mwisho niliisoma nusu, nusu nyingine nikabahatisha.

Sasa lililo moyoni. Tumeanza kusafisha mastiha, utomvu mkavu wa miti yetu. Wanawake wanakuja kwangu asubuhi kama kawaida, kila mmoja na kisu chake, tunaanza na sinia la Loula, kisha langu, kisha la Stelios kwa kuwa amefiwa na mke na hana wa kumsafishia. Unakumbuka utaratibu: wao wanakwangua udongo na maganda, mimi nakaa dirishani na kuamua. Chembe safi kulia, yenye ukungu kushoto. Nimefanya hivyo tangu bibi yako aliponiachia kile kiti, na hakuna chembe iliyotoka kijijini hapa bila kupita mbele ya jicho langu.

Kalliroi, mwaka huu upande wa kulia hauna kitu. Naishika chembe kwenye mwanga, naigeuza, naona maziwa tu. Ya Loula, maziwa. Yangu, maziwa. Ya Stelios ndiyo usiseme. Mimi nadhani ni lile vumbi la Afrika lililoletwa na upepo wa kusini mwezi wa Agosti, limeingia kwenye utomvu kabla haujakauka. Stelios anasema miti inaugua. Wanawake hawasemi kitu. Hata Loula hasemi kitu, na Loula akinyamaza ujue jambo ni zito.

Halafu padri naye amenunua mishumaa ya bei rahisi. Kila mshumaa una duara la mvuke kuuzunguka, kanisa zima linaonekana kama chumba cha kufulia. Nimemwambia, na baba yako akaona ameshinda.

Mbusu Marietta kwenye pengo.

Shangazi yako,
Isidora


Thessaloniki, Desemba 3, 2003

Shangazi, nakubusu mikono,

Barua yako imefika na tumeisoma sote mezani. Thanasis alicheka ile habari ya ubatizo hadi supu ikampalia. Tuko wazima. Marietta ameota jino moja la mbele, kubwa kama la sungura, na anataka ulione. Kazini ni ile ile: asubuhi nasimama kwenye chumba cha upasuaji wa macho nikimpa Daktari Evanthia vyombo, jioni nasimama jikoni nikimtafuta Thanasis anisaidie.

Nimenunua kalamu mpya, nyeusi tii, na naandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Niambie kama unaona vizuri zaidi.

Nisikitike vipi juu ya mastiha? Nimekulia chini ya meza hiyo. Tangu mama afariki na wewe ukanichukua, nimelala nikisikia visu vinakwangua, na nimekuona ukirudisha sinia la mke wa mwenyekiti mbele ya watu kwa sababu ya chembe mbili. Sijawahi kuona mtu mwenye jicho kama lako, na mimi nafanya kazi mahali ambapo watu hawazungumzi kingine ila macho.

Naomba unijibu mambo matatu. Lile duara kwenye mishumaa, unaliona na kwenye taa za barabarani? Ukitazama kisima kutoka dirishani asubuhi, unaona kamba au unaona kisima tu? Na lile jicho la kulia, lililofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka aliozaliwa Marietta, limekuuma au limekuwa jekundu siku za karibuni? La kushoto sikuulizi, najua kile kijiti kililimaliza ukiwa msichana.

Ni maswali tu, Shangazi. Kazi imenizoesha vibaya.

Mwanao,
Kalliroi


Chios, Januari 9, 2004

Mwanangu Kalliroi,

Heri ya mwaka mpya kwenu. Tumekata keki ya Mtakatifu Vasilis, na ile sarafu inayofichwa ndani yake imeangukia kipande kilichokatiwa nyumba, si cha mtu. Baba yako anasema nyumba haihitaji bahati, yeye ndiye anaihitaji. Nilimpa kipande cha nyumba akakila, sasa ana bahati na tumbo linamuuma. Theluji imeanguka kidogo mlimani. Mbuzi amezaa mapacha.

Umeniuliza maswali matatu, nitakujibu moja: mishumaa ni mibaya.

Ngoja nikuchekeshe. Wiki iliyopita niliamka, nikaandaa meza, na hakuna aliyekuja. Nikangoja. Mchana nikamwona, au niseme nikamsikia, Loula anashuka kwenye basi na wenzake wa mezani, Argyro na yule bibi harusi Stamatoula. Walikuwa wamekwenda mjini kupimwa macho, wote watatu, kwa siri, kila mmoja akidhani yuko peke yake mpaka walipokutana kwenye benchi la daktari. Nikawauliza, mna nini? Wakatazamana. Daktari amewaambia wanaona vizuri kabisa, warudi nyumbani wakapike. Stamatoula na Argyro walirudi mikono mitupu. Loula alinunua miwani hivyo hivyo, anasema ameona aibu kurudi bila kitu baada ya kulipa nauli. Sasa anaivaa mezani inateremka puani, na anaitazama mastiha kama inamdai.

Nimewacheka sana. Vijana wa siku hizi, na Loula ana miaka sitini na nane, hawawezi hata kuamini macho yao wenyewe.

Mastiha bado ni ile ile. Nimetenga magunia yote kushoto. Chama cha ushirika kimeleta mtu kuuliza kwa nini kijiji chetu hakijapeleka daraja la kwanza, nikamwambia aiulize Sahara.

Na kama baba yako amekuambia nilikwenda mjini kabla ya Krismasi, nilikwenda kununua uzi.

Shangazi yako,
Isidora


Thessaloniki, Januari 24, 2004

Shangazi, nakubusu mikono,

Heri ya mwaka nanyi, na pole kwa tumbo la baba. Marietta amechora mbuzi mapacha, amewapa miguu mitano kila mmoja ili wasianguke kwenye theluji. Mchoro uko ndani ya bahasha.

Baba hajaniambia chochote kuhusu mji. Wala mimi sikuuliza kuhusu mji.

Nilicheka habari ya benchi la daktari. Nilicheka, halafu nikaweka barua chini na sikucheka tena. Shangazi, wanawake watatu wamekwenda kupima macho kwa siri kwa sababu walikuwa wanaona mastiha safi na wewe unasema ina ukungu. Waliona safi, wakajiambia sisi ndio wagonjwa, maana Isidora hakosei. Hakuna meza nyingine duniani ambapo watu wangefanya hivyo. Nakupenda kwa jambo hilo na linanitisha.

Mastiha haina kitu. Miti haina kitu, na Sahara umeisingizia bure. Ni jicho lako.

Nisikilize, nitaeleza polepole. Ulipofanyiwa upasuaji walitoa lenzi yako ya kuzaliwa iliyokuwa na mtoto wa jicho. Kile kimfuko chembamba kilichoishikilia walikiacha, wakaingiza ndani yake lenzi ya bandia. Kwa watu wengi, miaka ikipita, hicho kimfuko hupata utando kwa nyuma. Daktari hukitoboa kwa leza, hakuna kisu, hakuna damu, na mtu huona siku ile ile. Ndiyo maana mgonjwa akisema “naona ukungu”, daktari huwaza kimfuko kwanza. Na mara nyingi huwa hajakosea.

Lakini ziko lenzi za aina fulani ambazo zenyewe huingia chokaa. Ndani ya jicho kuna maji, na ndani ya maji kuna madini, na taratibu madini hayo hujikusanya kwenye lenzi mpaka inakuwa kama kioo cha bafuni. Wamefika kwetu watu kadhaa wa namna hiyo. Mmoja fundi saa, aliyefunga duka lake akidhani amezeeka. Leza haiwasaidii hata kidogo, maana haifuti lenzi. Tena inaharibu, kwa sababu kimfuko kikishatobolewa, kuitoa lenzi ile na kuweka nyingine kunakuwa kazi ngumu na ya hatari.

Kwa hiyo nakuomba neno moja. Nenda mjini, mwambie daktari aiangalie lenzi yenyewe, mboni ikiwa imepanuliwa, kabla ya kitu kingine chochote. Na wakikuambia leza, sema hapana, ngoja mwanangu aje. Niandikie upesi.

Mwanao,
Kalliroi


Chios, Februari 20, 2004

Kalliroi,

Salamu zipo, tuko wazima, mbuzi wako wazima.

Leza walishanipiga. Tarehe kumi na tano Desemba. Uzi pia nilinunua, sikukudanganya.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniambia, “Bibi, kesho utahesabu sisimizi.” Kesho yake nilikaa dirishani kuwangoja sisimizi. Nikajipa moyo kwamba labda jicho limechoka, labda baada ya Krismasi, labda baada ya mwaka mpya. Barua yako ilipofika Loula alinisomea, maana hata herufi zako za darasa la kwanza nilikuwa sizioni. Aliposoma “sema hapana” akasita, nikamwambia endelea, akaendelea, kisha nikamwapisha asimwambie mtu, hata miwani asiivue. Sikukujibu upesi kwa kuwa usingeweza kuitoa leza jichoni mwangu, ungelia tu, na wewe ukilia hupiki na mtoto analala njaa.

Yangeishia hapo. Lakini wiki iliyopita nilisikia kwa Stelios jiwe linanoa chuma, nikaenda kwenye ukuta nikamwuliza anachinja nini. Akasema ananoa shoka. Akasema miti ya shamba la chini, ile ya babu yake, ataikata yote kabla ya Pasaka apande milozi, kwa sababu Isidora amesema inatoa maziwa na Isidora hakosei. Alikuwa ananiambia mimi hayo, Kalliroi, kwa heshima, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuzika.

Asubuhi nilimwita Stelios naye aje mezani. Wanawake walipokaa nikasema, “Mastiha ni safi. Mbovu ni mimi.”

Visu vilisimama.

Loula akavua miwani. “Kwa hiyo hii nimeivalia nini tangu Januari?”

“Ujinga,” nikamwambia.

“Nilikuwa naiona safi, Isidora. Safi kabisa, naona mpaka vidole vyangu upande wa pili. Nikasema, Loula, umekwisha, anza kuandaa sanda.”

“Na mimi niliiona safi,” akasema Stamatoula, kwa sauti ya kwenye maungamo.

“Mbona hukusema?”

“Niliogopa, Bibi Isidora.”

“Uliogopa nini? Ningekuuma?”

“Ndiyo.”

Wakacheka mpaka Argyro akalia. Stelios hakucheka. Alinishika mkono, akaushika muda, kisha akaenda kuliweka shoka mahali pake. Tumemwaga magunia yote ya kushoto na wanayapitia upya wao wenyewe. Kiti cha dirishani kiko wazi, hakuna anayetaka kukikalia. Mimi nakaa mwisho wa meza, navunja lozi. Lozi hazihitaji macho.

Sasa nisikilize na wewe. Sikatwi tena. Nina jicho moja. Ukungu si giza: naona mlango uko wapi, naona mchana umeingia, namwona baba yako akiwa anatembea. Mtu mwenye kipande cha mkate haendi kukichezea kamari. Usiniandikie tena habari hii.

Isidora


Thessaloniki, Machi 14, 2004

Shangazi, nakubusu mikono yote miwili,

Marietta alikuwa na homa, amepona. Thanasis amerekebisha bomba la maji, sasa linavuja mahali pengine. Huku kumeanza kupata joto.

Umenikataza, na nimekutii wiki tatu, zaidi ya nilivyowahi kukutii maishani. Leo nakuvunjia heshima. Loula, kama ni wewe unayesoma, soma yote, usiruke.

Kwanza nataka ujue kwamba nimewasimulia watu kazini. Nimewaambia kuhusu mwanamke ambaye kijiji kizima kiliamini jicho lake kuliko yao, na siku alipojua jicho limemsaliti, akasema mezani mbele ya wote, na mti haukukatwa. Daktari Evanthia aliacha kunawa mikono akanisikiliza. Ni mtu mgumu, hapendi hadithi. Aliniuliza, “Huyo yuko wapi, na kwa nini hayuko hapa?”

Nimemweleza kila kitu pamoja na leza. Sasa nakuambia alichoniambia, bila kupunguza. Ataikata lenzi ile vipande ndani ya jicho, ataitoa kwa tundu dogo, na ataweka nyingine mbele ya kimfuko. Kwa kuwa kimfuko kimetobolewa, ule ute ulioko nyuma ya jicho unaweza kusogea mbele. Ukisogea sana, ule utando wa nyuma kabisa ya jicho unaopokea mwanga unaweza kung'oka, siku ile au baadaye, na ukashindwa kuona hata mlango. Anasema wengi wametoka salama. Anasema hatoi ahadi, na ukitaka ahadi umtafute daktari mwingine. Na ukikaa hivyo hivyo, chokaa itaendelea kuongezeka, pole pole, mpaka ukungu uwe ukuta.

Sitakudanganya kwamba mimi ni jasiri. Naogopa. Nimeona mara moja utando uking'oka na sikulala. Ningependa mtu mwingine akushauri, lakini hayupo, ni mimi uliyenilea. Ukikataa nitakuja kila kiangazi nikusomee magazeti na sitakulaumu hata siku moja. Ukikubali, mimi ndiye nitakayesimama upande wa kulia wa Daktari nikimpa vyombo.

Mwanao,
Kalliroi


Chios, Aprili 2, 2004

Mwanangu Kalliroi,

Tunashukuru, tuko katika mfungo na baba yako anafunga kila kitu isipokuwa ugomvi. Maua ya mlozi yameshapukutika. Anayeandika ni Loula, mimi nasema. (Sikuruka hata neno, Kalliroi. Loula.)

Nilikuwa nimeamua, na uamuzi wangu ulikuwa mzuri. Nakueleza kilichouharibu.

Siku ya sikukuu ya Machi ishirini na tano, watu walipotoka kanisani, nilikuta mgeni mlangoni pangu, amesimama ndani kidogo, kimya. Nikamkaribisha. Nikamwambia akae, hakukaa. Nikampikia kahawa, nikamwekea na kipande cha halua, nikamwuliza ametoka upande gani, watoto wake hawajambo. Nilizungumza naye muda wa kahawa nzima kupoa. Alikuwa ni koti la baba yako, limetundikwa mlangoni.

Naye baba yako alikuwepo. Alikuwa amekaa pembeni ya jiko tangu mwanzo, na hakusema neno. Wewe unamjua, angeweza kuishi kwa utani huo miaka kumi. Nilimsikia akipenga kamasi. Kisha akasema, “Nipe mimi hiyo kahawa, Isidora,” akainywa ikiwa baridi.

Basi nikaona kwamba huo mkate niliokuwa nakataa kuuchezea kamari umeshaliwa, mimi nimeshika karatasi.

Naja baada ya Pasaka. Nina masharti. Thanasis asinipikie. Marietta alale na mimi. Na vyombo ushike wewe, kama ulivyosema, usije ukabadili dakika ya mwisho ukaenda kulia chooni. Nikitoka kipofu, sitaki iwe mikononi mwa watu wasiojua jina la mama yangu.

Nilitaka kumwambia Loula aandike kwamba siogopi. Loula amegoma kuandika uongo wakati wa mfungo. Basi, naogopa.

Isidora


Thessaloniki, Juni 6, 2004

Shangazi, nakubusu mikono,

Natumaini meli haikukuyumbisha sana na umewakuta wote wazima. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Marietta analala upande wake tu wa kitanda, anasema ule mwingine ni wako. Thanasis anauliza kama ile supu ya dengu aliyokupikia bila idhini imesamehewa.

Uliniomba nikuandikie yaliyotokea chini ya ile taa, kwa kuwa wewe ulikuwa chini ya shuka na “ulisikia chuma tu”. Hapa sikuweza kukuambia uso kwa uso.

Daktari alifungua vizuri. Nilimpa mkasi mdogo kuliko kucha ya Marietta, akaikata ile lenzi katikati, akatoa nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilipoanza kutoka, ute ukasogea. Niliuona kwenye hadubini ya pembeni, kidogo, mahali ambapo leza ilipita. Daktari akasimamisha mkono. Nilikuwa nimeshika chombo kinachofuata na nilihisi vidole vyangu si vyangu.

Ndipo sauti yako ikatoka chini ya shuka: “Mbona mmenyamaza? Mezani kwangu watu wakinyamaza ni kwamba kuna aliyejikata.”

Daktari Evanthia, ambaye sijawahi kumsikia akicheka kazini, alicheka kwa pua. “Hakuna aliyejikata, Bibi,” akasema. “Tunafikiri.”

“Fikiri, mwanangu, fikiri. Haraka ndiyo inayoacha maganda.”

Mkono wake ukatulia. Wangu pia. Alisafisha ule ute kidogo kidogo, akatoa nusu iliyobaki, akaweka mpya, na nyuma pakashika. Ulikuwa hujui kwamba wakati ule ndio ulikuwa wakati wenyewe, na wewe ndiye uliyetuvusha. Nimefanya kazi na wagonjwa wengi waliokuwa wakisali, na wengine wakilia, wote wana haki yao. Sijapata mwingine aliyempoza daktari.

Baadaye alinionyesha vipande vile kwenye hadubini. Vichembe vidogo vyeupe, vimejaa ndani kwa ndani, kama ule udongo mweupe tunaotandaza chini ya miti mwezi wa Julai ili kudaka utomvu. Ulikuwa unatazama dunia kupitia humo, na bado ulijua nani ameingia na nani ametoka.

Asubuhi tulipofungua bandeji, Daktari alikuuliza unaona nini, ukamwambia koti lake limekosa kifungo. Alirudi chumbani kwake akakitafuta. Nimejivunia mambo mengi maishani, lakini pale kwenye ule mlango nilijivunia mpaka nikakosa pa kusimama.

Usisahau dawa ya matone, na usiiname shambani mpaka nikuambie.

Mwanao,
Kalliroi


Chios, Oktoba 30, 2004

Mwanangu Kalliroi,

Naandika kwa mkono wangu, tazama mistari. Tuko wazima. Baba yako amezeeka sana, nimemwambia, akasema na mimi nimezeeka, ila kwa kuwa alikuwa ananiona siku zote hakushtuka. Mbuzi tumeuza mmoja. Stelios ametandaza udongo chini ya miti ya babu yake na imetoa vizuri.

Umelalamika kwamba sijaandika tangu kiangazi. Ni kweli. Nilikuwa na kazi ya kutazama. Mtu akirudishiwa nyumba yake hakai kuandika barua, anazunguka vyumbani. Nimetazama kamba ya kisima. Nimewatazama sisimizi, wapo. Nimemtazama Loula usoni akiimba, na afadhali kipindi kile cha ukungu.

Jana tumeanza kusafisha. Wanawake walikuwa wamekifuta kile kiti cha dirishani na hakuna aliyekikaribia, nikaketi. Sinia la kwanza lilikuwa la Loula mwenyewe. Nikashika chembe kwenye mwanga, na Kalliroi, niliona mpaka mlima upande wa pili. Nikaiweka kulia. Nikaendelea. Kulia, kulia, kushoto, kulia. Mkono ukakumbuka mwendo wake, na mimi nikajisikia nimerudi kuwa Isidora.

Nikaweka nyingine kulia. Loula akasema, “Hiyo, hapana.”

Katika nyumba ile, tangu enzi za bibi yako, hakuna aliyewahi kumwambia hapana aliyekaa kwenye kile kiti.

“Nini hapana?” nikamwuliza.

“Ina wingu, pale chini. Itazame tena.”

“Hili ni sinia lako, Loula. Unalishusha daraja mwenyewe?”

“Langu au si langu, ina wingu.”

Nikamtazama yeye kwanza. Macho hakuyashusha. Stamatoula alikuwa ameshika kisu hewani. Nikaichukua ile chembe, nikaigeuza dirishani upande mmoja, nikaigeuza wa pili. Jicho langu ni zima, Daktari wako asije akasikia vibaya. Nilikuwa na furaha na furaha ina haraka. Kwenye kitako cha chembe palikuwa na wingu, dogo, limelala.

Nikaihamishia kushoto.

“Lete kiti chako hapa dirishani,” nikamwambia Loula.

Akaleta. Tukakaa bega kwa bega kwenye mwanga mmoja, yeye akisema hivi na mimi nikisema vile, na Stamatoula naye kutoka kule mwisho akaanza kutupinga sote wawili. Tulibishana mpaka kengele ya mchana, na baba yako akaja kuuliza nani amekufa. Miaka yote nimekaa pale peke yangu, mwanangu, na nilidhani hivyo ndivyo kazi ilivyo.

Shangazi yako,
Isidora